Kwa Nini Kunde Ana Fundo

Bwana Luambano alikuwa ameshang'oa mstari mzima wa kunde, na ameulaza juani kwa unadhifu wa kupendeza, shemeji yake Tekla alipotokea na kapu la viazi vya kuchemsha. Lori la mizigo lilikuwa limemfikisha Luambano hadi Lubumbashi na Beira, lakini mizizi ya kunde hakuwahi kuitazama. Asubuhi hiyo, akisaidia kupalilia, aliiona ina vivimbe. Akakumbuka nyanya alizowahi kuziona mizizi yake imevimba vivyo hivyo kwa minyoo, akajipa udaktari.

"Shemeji, nimekuokolea shamba," alisema. "Zilikuwa zinaumwa."

Tekla aliokota mche mmoja, akautazama, kisha akamtazama mganga wake. Kunde zile alizipanda ziwe mbegu ya mwaka ujao. Akina mama waliokuwa wakipalilia shamba la jirani walishusha majembe, maana mwanamume akiumbuka mbele ya shemejiye, hilo si jambo la kukosa.

"Haya ni mafundo yake. Kila kunde anayo," alisema Tekla. "Wewe uliyezunguka dunia, hebu tueleze aliyapata wapi. Nikiridhika, utakula. Nisiporidhika, barabara unaijua."

Luambano hakujua. Lakini mtu aliyekwisha kubembeleza askari wa mipakani hakosi la kusema. Alikaa chini, akapasua fundo moja kwa ukucha. Ndani lilikuwa jekundu kama damu. Hapo hadithi ikaanza kumjia.

Kale hiyo, alisimulia, mizizi yote ilikuwa laini kama uzi, na mimea yote ilikuwa na njaa. Chakula chenyewe kilikuwa tele, ila kilikaa hewani. Mimea ilishinda imeoga ndani yake, isiweze kumeza hata tonge. Kunde ndiye aliyeteseka zaidi. Majani yake yaligeuka manjano, na maganda yake yakatoka matupu, bila mtoto hata mmoja.

Chini ya ardhi waliishi viumbe wadogo kuliko vumbi. Wao walijua kukipika kile chakula cha hewani, lakini hawakuwa na sukari ya kuwapa nguvu, kwa kuwa hawakuwa na majani ya kuota jua. Tena upepo ukipenya ovyo, jiko lao lilizimika. Walihitaji nyumba iliyofungwa vizuri. Basi wakapita mzizi kwa mzizi, wakibisha.

"Hodi," walisema kwa Mahindi.

"Nani?"

"Sisi."

"Sisi ndio nani? Mbona sioni mtu?" Mahindi akajifunga. Alikuwa mrefu, hakuzoea kutazama chini.

Kwa Kunde nako walikuta hofu. Mgeni wa sebuleni unaweza kumvumilia, lakini hawa walitaka kuingia mwilini. Wakiwa walaji tu, ndio mwisho wa ukoo. Kunde akayatazama maganda yake matupu. Kisha akakunja unywele mmoja wa mzizi, kama mtu anayekunja kidole kumwita mwenzake, akasema, "Karibuni."

Wakachanjiana kama wafanyavyo watu wanaotaka kuwa ndugu: yeye akatoa damu kidogo, nao wakatoa, ikachanganyika. Ndipo mzizi ulipovimba ukawa chumba, na wekundu ule ukabaki humo. Kunde akaleta sukari, wao wakapika. Mimea mingine ilicheka mno. "Mwoneni, Kunde ana fundo," ikasema, kama asemwavyo mtu mwenye kinyongo. Kunde akazidi kuleta sukari. Majani yake yalikuwa yanarudia ukijani, na ndani ya maganda watoto walikuwa wanasukumana.

Msimu ulipokwisha alikufa, mafundo yakaozea pale pale ardhini. Mahindi aliyeota hapo mwaka uliofuata alinenepa, asijue anakula urithi wa nani.

"Na tangu siku hiyo," alimalizia Luambano, "kunde ana mafundo mizizini, na mkulima mwenye akili humtanguliza kunde, ndipo apande mahindi. Kwa hiyo fundo si ubaya, shemeji."

Akina mama waliguna kwa kuridhika. Luambano akajikung'uta suruali, akasogea upande wa kapu.

"Nadhani na wewe sasa huna fundo nami."

"Ninalo," alisema Tekla. "Kula, kisha ukanitafutie mbegu."