Shahidi Mwenye Mume

Mtu mmoja alikuwa na kovu begani, na mkewe alijua lilikotoka. Mtu huyo aliitwa Mihambo, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Mkewe aliitwa Nyamizi. Nitawasimulia habari za Nyamizi hasa, kwa kuwa akina Mihambo tunao katika kila kijiji na hatuhitaji kufundishwa namna ya kuwatambua.

Vita vilipofika mpakani, Mihambo alifungua zizi alfajiri akawaswaga ng'ombe wake kuelekea machweo, mbali na milio ya bunduki. Mke na mtoto mchanga aliwaacha, kwani ng'ombe, alisema, hawajui kujificha wenyewe. Njiani dume moja likashtuka likamchoma pembe begani. Hilo ndilo kovu. Alirudi mwezi ulipoandama, bega likiwa limefungwa kitambaa, na watu waliomwona wakampa pole ya vita. Hakuwasahihisha. Mwaka uliofuata alianza kusimulia kidogo. Miaka ikapita, na sasa alikuwa akieleza kinaganaga jinsi alivyosimama kivukoni siku adui alipotaka kuvuka mto, na jinsi risasi ilivyompata. Uongo ukilishwa vizuri hunenepa kuliko ng'ombe, na huu ulilishwa na kijiji kizima, maana kila kijiji hupenda kuwa na shujaa wa kumnywesha pombe.

Kivukoni siku ile alisimama mtu mwingine. Alikuwa binti wa kijiji hicho hicho, jina lake Kalunde, aliyejiunga na jeshi wakati wenzake wanaolewa, akapanda cheo hadi kuwa sajini. Adui alipotokea, wanawake na wazee walikuwa wanapalilia bondeni, ng'ambo ya mto, na njia ya kurudi nyumbani ilikuwa moja tu, pale maji yanapovukika kwa miguu. Kalunde na askari wachache aliokuwa akiwaongoza walibaki ng'ambo wakipigana mpaka mtu wa mwisho alipovuka. Waliovuka walikimbia bila kugeuka kuona ni nani anayewakinga. Nyamizi alikuwa miongoni mwa waliovuka, mtoto mgongoni, maji yakimfika kifuani.

Kipande cha bomu kilimpata Kalunde alipokuwa wa mwisho kuingia majini. Kilimpasua kuanzia chini ya kitovu hadi pajani. Wenzake walimvusha, wakang'oa mlango wa banda wakambeba juu yake, wakamwingiza katika nyumba ya kwanza waliyoifikia, nayo ilikuwa nyumba ya Mihambo. Mkunga mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu, aliliosha jeraha kwa maji ya chumvi. Nyamizi alishika beseni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alimshika majeruhi. Mkunga alipomaliza kutazama, alitikisa kichwa akasema kwamba huyu akipona, hatazaa. Alidhani mgonjwa amezimia, lakini Kalunde alikuwa macho, akasikia kila neno.

Jeshi lilipomwachilia, alirudi kijijini. Walimpokea kwa vigelegele siku moja, na kwa maswali siku zote zilizofuata. Mbona haolewi? Mbona hazai? Huko jeshini, si alikuwa akiwapikia wanaume tu? Wakamwita mgumba. Neno hilo lilisemwa hata kisimani mbele ya Nyamizi, na Nyamizi akainama akaendelea kuteka maji. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa akipeleka unga kwa Kalunde nyakati za njaa, na kila alipopeleka alipita njia ya nyuma.

Kalunde hakukaa kitako kujililia. Vita viliacha wajane wengi, na shemeji zao walikuwa wameanza kudai mashamba ya bondeni, wakisema mume akifa ardhi inarudi kwa ndugu. Kila mjane alipofukuzwa, Kalunde alikwenda kusimama naye kwenye mpaka wa shamba. Hakupiga mtu. Alisimama tu, na wanaume wengi walionelea heri warudi nyumbani. Lakini kusimama na mjane mmoja leo na mwingine kesho ni kuteka maji kwa pakacha, nayo amri ya ardhi ilikuwa mikononi mwa mwenyekiti wa kijiji. Basi mwenyekiti alipofariki, Kalunde alikitaka kiti. Mihambo naye alikitaka, na sababu yake hakuificha: bonde lilikuwa na majani mazuri ya malisho.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi iliyowekwa baada ya vita, kwamba hakuna atakayekiongoza asiyeonyesha mbele ya baraza alivyoumia kwa ajili yake. Ni desturi ya maana, nami siidharau. Ila walioiweka walikuwa wanaume watupu, na walipoiweka waliufikiria mwili wa aina moja tu.

Siku ya baraza Mihambo alimwambia mkewe, "Leo kaa mbele, mama Limi, watu wakuone." Nyamizi akavaa kanga mpya akakaa mbele.

Mihambo aliitwa kwanza. Alifungua vifungo vya shati taratibu, kama mtu anayefungua zawadi, akageuza bega kwa watu wa upande huu, kisha kwa watu wa upande ule. Wakapiga makofi. Mzee mmoja alitokwa na machozi. Nyamizi alipiga makofi pamoja nao, maana mke asiyempigia mumewe makofi huulizwa kwa nini.

Kisha akaitwa Kalunde. Alisimama wima kama alivyofunzwa. Mzee Ngasa, msimamizi wa baraza, akamuuliza ameumia wapi, naye akaweka kiganja chini ya kitovu. Vijana wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Atuonyeshe basi!" Mwingine akamjibu kwamba mwanamke atakayejifunua mbele ya watu hana haya, na asiye na haya hawezi kupewa kijiji. Wa tatu akasema kwamba asiyeonyesha ni mwongo. Na watu wale wale walioitikia la pili waliitikia na la tatu, bila kuona ajabu yoyote. Hata ugumba wake ukatajwa, kwamba asiyejua uchungu wa mwana atawalindaje wana wa wenzake. Kalunde alisikiliza yote. Mkono wake ulibaki pale pale juu ya jeraha lililomfanya hivyo.

Mzee Ngasa hakuwa mtu mwovu. Alitafuta njia, na alidhani ameipata. "Kama yupo mwanamke aliyeliona kovu hilo kwa macho yake," alisema, "asimame aseme. Neno lake tutalipokea."

Nyamizi alihisi magoti yake yakijikaza yenyewe kutaka kuinuka. Hakuna aliyelijua kovu lile kuliko yeye. Alikuwa ameshika beseni. Akajiona amesimama, akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, mimi nililiona. Na Mzee Ngasa angemuuliza, uliliona wapi? Nyumbani kwangu. Siku gani? Siku ile ya kivukoni. Na mumeo, siku hiyo, alikuwa wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililomkalisha. Aliiona talaka yake. Aliiona nyumba ya ndugu yake, ambako angerudi na watoto kuishi kwa kusemwa. Alimwona Mihambo akichekwa hadharani, na pamoja na yote, alikuwa mumewe, na alimwonea huruma. Akajiambia kwamba Kalunde ni askari, amezoea magumu. Akajiambia kwamba labda Mungu atamwinua mwingine, ingawa alijua fika kwamba mwingine hayupo. Mwishoni akapata neno la kumpumzisha moyo: aniite jina tu, nami nitasimama.

Kalunde alimtazama. Alimtazama muda wa kutosha, bila hasira, kama mtu anayetazama kina cha maji kabla ya kuingia. Kisha akamgeukia Mzee Ngasa akasema hana wa kumtaja, akarudi kuketi mahali pake. Nyamizi akashusha pumzi. Nawaambieni kweli, alishukuru.

Mihambo akapewa kiti. Kabla mvua za kwanza hazijaisha, ng'ombe wake walikuwa bondeni. Wajane walihamishiwa mlimani kwenye mawe, na waliokwenda kushtaki walimkuta mshitakiwa ndiye amekalia kiti cha hakimu. Kalunde alipanda mlimani pamoja nao. Aliwakatia nguzo, akawabebea vyungu, akakaa huko huko. Pembe moja ya bonde, ile yenye udongo mweusi, Mihambo alimpa mkewe alime mpunga, kwa kuwa, alisema, mke mwenye adabu hutunzwa. Shamba hilo lilikuwa la mjane aliyevuka mto siku moja na Nyamizi. Mpunga ulistawi sana. Nyamizi aliuvuna, akapika wali, akaula na watoto wake, na haukumkwama kooni hata siku moja. Hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko yote. Tungependa dhambi iwe na ladha mbaya, lakini mara nyingi huiva vizuri.

Ikafika siku ya kuwakumbuka mashujaa wa vita. Mwenyekiti alihutubia, akasimulia ya kivukoni, na safari hii adui walikuwa wameongezeka. Mashujaa waliwekewa viti kivulini, na aliyeviweka hakuweka kiti cha Kalunde. Walimtuma mtu mlimani kumwomba aje kusaidia jikoni, kwa kuwa jeshini alizoea kupikia watu wengi. Akaja, maana wajane wake walikuwa hawajala nyama tangu wahame, na mpishi huruhusiwa kubeba masalio.

Ikawa Nyamizi na Kalunde wamesimama kwenye sufuria moja, mmoja akikoroga, mwingine akichochea kuni. Makofi ya hotuba yaliwafikia hapo. Nyamizi alikuwa amebeba jambo moja tangu siku ya baraza, na sasa moshi ulimpa kisingizio cha kufuta macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ungeniita jina siku ile, ningesimama. Haki ya Mungu ningesimama."

Kalunde aliendelea kukoroga. Hakukasirika, wala hakumwangalia.

"Kivukoni hukuniita jina, mama Limi," alisema. "Nilikuja."

Kisha akaomba chumvi, na Nyamizi akampa. Chakula kikapakuliwa. Wakubwa walikula kwanza, wakasifu mchuzi, wakaondoka. Kalunde akafunga masalio yake katika jani la mgomba akapanda mlimani, na tangu siku hiyo Nyamizi hakupeleka tena unga, hata kwa njia ya nyuma, kwa kuwa ni vigumu kumpa unga mtu aliyekuacha huna pa kujificha.

Aliyedanganya kwa kovu lake tunamjua. Walioweka desturi isiyowaona wanawake tunawajua, na vijana waliocheka tunawajua pia. Hao wote tumekwisha kuwalaumu, na kuwalaumu ni kazi nyepesi. Lakini sajini yule hakuvua nguo yake barazani, na hata hivyo alirudi nyumbani amevuliwa mbele ya kijiji kizima. Niambieni basi, ninyi mliokaa mbele na kanga zenu mpya na mashati yenu safi: ni mkono wa nani uliomvua?