Picha Nyuma ya Kuponi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na jarida lao la katuni na ukoo mzima uligombania nakala moja, Pimbi alikuwa amepanda juu ya meza ya Mama Nungunungu akibishana naye, na miiba ya Mama Nungunungu ilikuwa imesimama yote.

"Ukurasa huo haufai," alisema Mama Nungunungu. "Ni wa tangazo la sabuni."

"Sabuni isogezwe mbele. Mimi nautaka huo huo."

"Pimbi, nyuma yake kuna kuponi ya kura. Msomaji akikata kuponi, anaitoboa hadithi yako."

"Najua, mama."

"Tena anaitoboa mahali patamu kuliko pote."

"Hapo hapo ndipo ninapopataka."

"Basi jua limekupiga kichwani huko kwenye mawe yako."

Ngoja niwaeleze kilichokuwa kikigombaniwa. Mama Nungunungu alikuwa mchapishaji wa jarida la Makwato. Kila mwaka alijaribisha hadithi tatu mpya, kisha akawaachia wasomaji waamue. Jalada la nyuma lilikuwa na kuponi yenye picha tatu ndogo. Msomaji aliikata, akatia alama ya ukucha kwenye picha ya hadithi aliyoipenda, akaitumbukiza kwenye kibuyu kikubwa kilichowekwa nje ya ofisi. Hadithi mbili zilizopata kura nyingi ziliendelea. Ya tatu ilikatizwa pale pale ilipofika, hata kama shujaa wake alikuwa na mguu mmoja hewani.

Pimbi aliyajua maumivu hayo. Mwaka uliotangulia alikuwa amechora hadithi ya Kindi aliyening'inia kwenye tawi juu ya mto. Ikakosa kura, ikakatizwa. Tangu siku hiyo watoto walikuwa wakimsimamisha njiani wakimuuliza, "Shangazi Pimbi, yule Kindi alianguka?" Alipojaribu kuwasimulia kwa mdomo, walitikisa vichwa. Walitaka kuona kwa macho yao.

Kilichomshangaza ni kwamba kila mtoto aliapa nyumbani kwao wote walimpenda Kindi. Sasa kura zilikwenda wapi? Pimbi alizunguka nyumba kwa nyumba, akagundua kwamba majarida mengi yaliwafikia wasomaji yakiwa yameshakatwa kuponi. Hakuna aliyelalamika. Mama Ngiri, aliyekuwa akichambua mboga siku hiyo, alimwambia kwamba kuponi ni kipande tu cha karatasi, na nyuma yake kulikuwa na sabuni. Nani agombane na majirani kwa ajili ya sabuni?

Jibu hilo ndilo lililompandisha Pimbi juu ya meza. Na hakushuka mpaka Mama Nungunungu alipochoka, akasema haya, uchukue ukurasa wako, lakini ukilia usije kulia kwangu.

Hadithi yake ya safari hii ilimhusu Zawena, kobe mdogo aliyetumbukia kisimani. Kwa matoleo matatu Zawena alikuwa humo chini, akiita bila kusikiwa. Toleo la nne ndilo lilikuwa la kura. Humo, kamba ilishuka kutoka juu. Zawena akaishika, akaanza kupanda, kwaru, kwaru, kwaru, kucha zikiteleza kwenye mawe. Akafika ukingoni. Akainua shingo amtazame aliyeishika kamba. Kisha ikafuata picha ya huyo aliyeishika, nyuma kabisa ya kuponi. Na baada yake picha moja ya mwisho: Zawena ameachama mdomo akisema, "Kumbe ni wewe!"

Hadithi nyingine mbili zilikuwa za Fisi na Kifaru. Fisi alichora hadithi ya fisi mmoja aliyewapiga wanyama wote kisha akala. Kifaru alichora "Pembe ya Chuma", tena kwa nguvu nyingi hata karatasi zikatoboka. Waliposikia kwamba Pimbi amejitakia ukurasa wa kuponi, walicheka mpaka Fisi akalazimika kumwegemea Kifaru asianguke.

Siku ya toleo ilipofika, Kanga aliyekuwa akisambaza majarida alipita asubuhi na mizigo yake kichwani. Kwenye kijia chembamba alimkuta Kifaru amesimama katikati. Kifaru alimweleza kwamba siku hizi kuna mchwa wengi, hivyo majarida ni lazima yakaguliwe kwanza. Kanga aliitazama ile pembe, akakubali kwamba kweli ni lazima yakaguliwe.

Fisi alikuwa akingoja nyuma ya kichaka. Akaanza kazi kwa meno yake. Kwach! Kwach! Kwach! Kuponi zikawa zinaanguka kama majani makavu. Hakufungua hata nakala moja aone ndani mna nini. Yeye alilijua jalada la nyuma tu. Kifaru, ambaye macho yake hayaoni mbali na hayaoni karibu vilevile, alikuwa akimpokeza marobota.

"Unanitilia na mimi, ndugu yangu?" aliuliza Kifaru.

"Moja yako, moja yangu, kaka. Nusu kwa nusu."

Lakini ukucha wa Fisi ulikuwa ukitua kwenye picha yake mwenyewe. Ilipofika kuponi ya kumi ndipo alipomkumbuka Kifaru, kisha akamsahau tena.

Walipomaliza, wakamrudishia Kanga majarida yake, wakamwambia hayana mchwa, kisha wakaenda kuzitumbukiza zile kuponi kibuyuni.

Sasa njooni nyumbani kwa Mama Ngiri. Watoto wake saba walikuwa wamelala kifudifudi kuizunguka nakala yao, mkubwa akisoma kwa sauti. Kamba ikashuka. Zawena akaishika. Akapanda. Wadogo wakaacha hata kupumua. Akafika ukingoni, akainua shingo, na mkubwa akafunua ukurasa.

Palikuwa na tundu. Kupitia tundu lile waliona sakafu ya udongo.

"'Kumbe ni wewe!'" alisoma mkubwa.

"Ni nani?" waliuliza wote sita.

"Sijui. Pamekatwa."

Mdogo wao wa mwisho alipenyeza pua kwenye tundu, labda picha ionekane kwa upande wa pili. Haikuonekana. Basi kilizuka kilio cha watoto saba kwa mpigo. Mama Ngiri alitoka mbio akaazime nakala ya jirani yake Digidigi. Walikutana njiani, kwa sababu Digidigi naye alikuwa anakuja kuazima ya Mama Ngiri.

Kabla ya saa sita mchana mwitu mzima ulikuwa ukibishana. Wengine walisema aliyeshika kamba ni Mamba, amemtoa kobe ili amle. Wengine wakasema ni mama yake Zawena. Ndege wawili waliokuwa marafiki tangu utotoni walifikia kunyimana chumvi. Na kwa kuwa hakuna aliyejua, wote walizishika nakala zao zilizotoboka, wakafululiza hadi ofisini kwa Mama Nungunungu.

Walimkuta amekwisha mwaga kura zote mezani na kuzihesabu, kwa kuwa kibuyu kilikuwa kimeshajaa. Fisi na Kifaru walikuwa wamekaa mbele kabisa, Fisi amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Pimbi alikuwa dirishani. Alijua kwamba jina la Zawena halikuwa na kura hata moja pale mezani. Mpango wake usipofaulu, kobe wake angebaki mdomo wazi maisha yote.

Wasomaji waliuliza kwa pamoja nani amewakatia picha yao. Mama Nungunungu akawajibu kwamba wameikata wenyewe walipopiga kura.

"Mimi sijapiga," alisema Mama Ngiri. "Nitapigaje na sijamaliza kusoma?"

Digidigi naye hakuwa amepiga. Wala Kanga, wala yeyote kati ya wale waliosimama pale. Mama Nungunungu alilitazama lile lundo la kura mezani, miiba yake ikaanza kusimama mmoja mmoja.

Fisi akasimama upesi. Alieleza kwa upole kwamba wasomaji ni wasahaulifu, na kwamba tangu enzi za mababu kura iliyohesabiwa haihesabiwi tena. Kisha akawauliza kama waliacha kazi zao nyumbani kuja kulilia vipande vya karatasi.

Hapo Pimbi alizungumza kwa mara ya kwanza.

"Mama Nungunungu, sina ubishi na hesabu yako. Naomba tu uzigeuze hizo kuponi."

Mama Nungunungu akaigeuza moja. Akaigeuza ya pili. Akalipindua lundo lote kwa mikono miwili. Na tazama, picha iliyopotea ilikuwa pale, si moja, mamia!

Wasomaji walilivamia lile lundo. Kila mmoja alichukua kipande akijaribu kukipachika kwenye tundu lake, kwa sababu meno ya Fisi hayakukata vipande viwili vikafanana. Hiki hakiingii, kile kikubwa, lete hicho, chukua hiki. Mwishowe kipande cha Mama Ngiri kikaingia kwenye tundu lake, chap, bila kubaki hata ufa.

Aliyeishika kamba alikuwa Konokono. Konokono yule yule ambaye Zawena alimwacha nyuma kabla ya kutumbukia kisimani, kwa sababu ya mwendo wake wa polepole! Alikuwa ameifunga kamba kwenye mzizi, na jasho linamtoka. Na nyuma yake, wadogo zangu, kulikuwa na kivuli kikubwa ambacho Konokono mwenyewe alikuwa hajakiona.

Ofisi ililipuka kwa kelele. Watoto wa Mama Ngiri walirukaruka mpaka mmoja akatua juu ya mgongo wa Kifaru. Kivuli cha nani? Kivuli cha nani?

Mama Ngiri alilifunga jarida lake akaligeuza, akaliona jalada la nyuma. Kwenye kuponi yake, iliyoingia vizuri kwenye nakala yake, ukucha ulikuwa umetua juu ya picha ya Fisi.

"Mbona jarida langu limemchagua Fisi?" aliuliza.

"Na langu pia," alisema Digidigi.

"Na langu."

"Na langu."

Kifaru alizinyooshea shingo nakala hizo. Aliisogeza moja hadi kwenye jicho, akasogeza ya pili, akasogeza ya tatu. Alipofika ya nane sauti yake ilibadilika.

"Na zangu ziko wapi? Fisi, tulisema nusu kwa nusu."

Fisi alimpiga teke la chini kwa chini, lakini kumpiga Kifaru teke ni sawa na kulipiga jabali, na maneno yalikuwa yameshatoka.

Mama Nungunungu aliwafuta wote wawili kwenye kura ya mwaka huo. Alikuwa anafungua kinywa amtangaze Pimbi mshindi, Pimbi akamzuia.

"Sitaki kubaki kwa sababu wenzangu wametolewa," alisema. "Nataka kujua kama wanamtaka Zawena kweli. Waacheni wachague tena, kati ya zote tatu."

Basi michoro mitatu ikalazwa sakafuni, na kila nyumba ikapewa kokoto moja. Pimbi aligeukia ukutani akafumba macho. Alizisikia kokoto tu zikianguka. Ko. Ko. Ko, ko, ko. Hakujua zinaangukia wapi. Alipogeuka, Zawena alikuwa haonekani tena, amefunikwa na kokoto mpaka juu. Pimbi aliruka, akaruka tena.

Kifaru alikuwa amepata kumi na tisa. Alizisogelea akazinusa moja moja, akauliza kama kweli ni zake. Mama Nungunungu alimwambia kwamba ni zake halali, na kwamba kwa hizo peke yake angeshika nafasi ya pili na hadithi yake ingeendelea, bila kuiba hata moja. Kifaru akainamisha kichwa.

Fisi alipata moja, na hatuna haja ya kuulizana ilikuwa ya nani. Aliondoka akipenya katikati ya wasomaji, na alipofika kizingitini aligeuka akasema kwamba hajawahi kuona kelele nyingi namna hiyo kwa ajili ya karatasi.

Mama Ngiri alimshikia mlango apite. Kisha akawatazama wanawe saba waliosongamana hapo hapo mlangoni, akawaambia, "Shikeni hili, wanangu: anayekukatia kura yako, amekukatia na hadithi yako."