Wabeba Jeneza wa Mama Eleuteria

Mama Eleuteria, mpika gongo, alipoona uzee umembana, alikwenda kwa padre kupanga misa ya mazishi yake mapema. Mzee Kastuli, mwenyekiti wa parokia, akadakia:

“Mpika gongo hasomewi misa! Azikwe na walevi wake!”

“Nimekubali, baba,” mama akajibu kwa unyenyekevu. “Basi, padre, Jumapili uwatangaze kanisani wateja wangu watakaonibeba, wajiandae. Niwataje?”

“Wataje,” padre akasema.

Mama akamgeukia Mzee Kastuli. “Baba, wewe utashika kichwani au miguuni?”

Mzee Kastuli akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

“Padre, huyu ni muumini wetu. Apewe misa, tena ya kuimba.”

“Na kengele zote,” mama akasema.

“Na kengele zote,” Mzee Kastuli akaitikia.