Wiki Tisa Kabla ya Mavuno

Mwanamke mmoja alikuwa na wiki tisa za kufundisha kijiji kizima jambo moja. Jina lake Matika, mwalimu mstaafu, na jambo lenyewe lilikuwa kukausha mahindi.

Msiseme ni jambo dogo. Mwaka uliotangulia watu wa kijiji hicho walivuna vizuri, wakapukuchua mahindi yangali na unyevu, wakayajaza kwenye magunia na kuyafungia ndani. Yakaota ukungu. Walipofikia magunia ya mwisho hawakuwa na kingine cha kupika, wakayasaga hivyohivyo. Watu kumi na mmoja waliugua na wawili wakafa, na mmoja wa hao wawili alikuwa mume wa Nyemo, mdogo wake Matika. Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipoamua kwamba kila kaya ifundishwe kabla ya mavuno, na kwamba kazi hiyo apewe Matika, hakukataa. Alitaka mdogo wake na wanawe wasile tena chakula cha kuwaua.

Akaanza kama tunavyoanza wengi wetu tunaoipenda kazi yetu: akaanzia mwanzo. Akanunua daftari kubwa na kalamu za rangi, akaandika somo la kwanza kuhusu asili ya zao la mahindi na jinsi lilivyofika katika nchi. Akachora mmea mzima, kuanzia mizizi hadi mbelewele. Kila jioni alilifungua, akalisoma, akaona neno la kurekebisha. Somo lile lilipendeza kweli, na lilikula wiki mbili.

Kisha akafanya jambo la heshima, akalipeleka daftari kwa wakubwa walitazame. Sasa sikilizeni desturi ya watu hao. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, humrudishii bakuli tupu. Utatia karanga, utatia mayai mawili, hata chumvi kidogo, ilimradi lisirudi mikono mitupu. Ni desturi njema, na imewalea vizuri. Lakini wakubwa wale walilipokea daftari la Matika kama walivyozoea kupokea bakuli. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chilongani, akatia somo la namna kijiji kilivyoanzishwa na la sheria zake ndogo. Mchungaji akatia somo la shukrani. Bwana shamba akatia mbolea, akatia wadudu, akatia na nafasi kati ya shina na shina, ingawa mahindi yalikuwa yamekwisha kupandwa na sasa yalikuwa yakibeba. Hakuna aliyetaka kuonekana amelirudisha hivihivi.

Matika naye ni mtu wa adabu. Kila aliyeongeza alimshukuru, akarudi nyumbani kuandika. Daftari lilipotoka kwake lilikuwa na vichwa vya masomo saba. Lilipomaliza mzunguko yalikuwa ishirini na matatu, na wiki nyingine tatu zilikuwa zimekwenda. Watu wakimwona njiani na daftari kwapani walimsifu kwamba anafanya kazi, na yeye mwenyewe aliamini hivyo.

Zilipobaki wiki nne, Nyemo alikuja kwake na swali lake. Shamba lake lilipandwa mapema na mabua yalikuwa yameanza kukauka. Matika alifurahi kumpata msikilizaji. Akamkalisha, akamsomea somo la kwanza lote, akamwonyesha na michoro. Nyemo alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, mikono yake mapajani. Kisha akasema:

"Dada, nimekusikia. Sasa mimi nikishavuna, siku ile ya kwanza nafanya nini?"

Matika alifungua daftari kutafuta jibu. Akapekua kurasa za kijiji, za shukrani, za mbolea. Jibu lilikuwa somo la kumi na tisa, na somo la kumi na tisa lilikuwa kichwa cha habari na mistari mitatu. Mengine alikuwa hajayaandika. Alikaa pale na daftari lake zito mbele ya mdogo wake mjane, akaona aibu ambayo hajapata kuiona katika miaka thelathini ya ualimu. Angeweza kusema asubiri. Hakusema. Alimwambia mdogo wake ukweli, kwamba hajui bado, na kwamba kesho yake atajua.

Usiku huo hakuandika kitu. Asubuhi aliichukua kalenda ya ukutani, akaiweka mezani, akatia alama siku ambayo shamba la kwanza lingevunwa. Kutoka hapo akahesabu kurudi nyuma. Akajiuliza siku ile ikifika mikono ya Nyemo inatakiwa iweze nini, akapata mambo manne tu: kuanika juu ya kichanja au turubai na si chini kwenye udongo, kutenga yaliyooza, kupima kama yamekauka, na kuyafunga yasipate unyevu tena. Lolote ambalo halikusaidia moja ya hayo manne alilitoa. Somo la kwanza, lenye mmea wake wa rangi, alilitoa kabla ya mengine yote, na lilimuuma.

Wiki nne akazigawa. Ya kwanza ilikuwa ya kujaribu, mbili zilizofuata za kufundisha kaya sitini, kitongoji kimoja baada ya kingine, na ya nne akaiacha tupu. Waliomwona akiiacha tupu walimcheka kwamba mwalimu amejipangia likizo.

Lakini ilikuwa lazima kwanza aende kwa Mzee Chilongani. Mzee alilipokea daftari, akalipima kwa mkono, akaona limepungua.

"Kwa hiyo, Mwalimu, nilichotia kwenye bakuli lako umekimwaga."

"Sijakimwaga, Mzee. Nimekifunika. Watu wakishamaliza kuvuna salama nitakuja mwenyewe tukifunue. Leo nimekuja na shida nyingine, na ni wewe unayeiweza. Kaya kumi na nane hazina turubai wala kichanja. Nikizifundisha nitakuwa nimezifundisha bure."

Mzee alilifunga daftari. Ni mtu aliyezoea kuombwa maneno, na sasa alikuwa ameombwa kazi. Akauliza ni kaya zipi, akataka zitajwe moja moja, na kabla Matika hajaondoka alikuwa amekwisha kutuma vijana kukata miti ya vichanja. Na mimi nawaambia, mahindi ya kijiji kile yaliokolewa na miti ile kama yalivyookolewa na masomo.

Wa kujaribiwa alikuwa Nyemo. Matika alimfundisha kupima kwa chupa ya kioo: tia mahindi, tia chumvi kidogo, tikisa, ngoja kidogo, chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado, isipoganda yamekauka. Akamletea mahindi yaliyokauka kabisa. Nyemo akatikisa, na chumvi ikaganda. Akatikisa tena, ikaganda. Kumbe chumvi ya Nyemo hukaa karibu na mtungi wa maji, na ilikuwa na unyevu wake yenyewe. Matika hakuwa amesema kwamba chumvi nayo ianikwe. Katika masomo ishirini na matatu sentensi hiyo haikuwemo. Walicheka wote wawili, Nyemo kwa sababu alidhani amekosea, na Matika kwa furaha, maana kosa lilikuwa limejitokeza kwenye chupa moja, mbele ya mtu mmoja, na wiki tatu zilikuwa bado zipo.

Akafundisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla hajaishika chupa kwa mkono wake, akatikisa na kusema anachokiona, na aliyekosea alirudia bila kuchekwa. Kitongoji cha tatu kilifiwa siku ileile ya zamu yake, na watu wakakaa matanga siku nne. Hapo ndipo wiki tupu ilipofanya kazi yake. Wale wafiwa walifundishwa ndani yake, na siku mbili zikabaki.

Si kaya zote sitini zilizofanya sawasawa. Tano zilifunga magunia mapema, kwa haraka au kwa ubishi. Lakini sasa majirani walijua kupima, wakawaamuru wayarudishe juani, na hawakuwaacha mpaka walipoyarudisha.

Ilipofika Januari, mwezi ambao mwaka uliopita watu walianza kuugua, Nyemo alimwita dada yake ashuhudie akifungua gunia la mwisho. Matika alisimama mlangoni. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Nyemo alifungua kamba, akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa konzi ya mahindi na kuyanusa. Alimletea Matika naye anuse, na yalinukia mahindi tu. Siku ile wanawe walikula ugali wakashiba, wakaomba ukoko, na Matika alilia mbele yao bila kujificha.

Basi ninyi mliokabidhiwa watu wa kuwafundisha, na mkapewa siku ya kumaliza: siku hiyo ikifika, mikono yao itakuwa inaweza kufanya nini?