Kimilia na Lundo la Mawe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Popote utakapotupeleka!

Basi sogeeni. Mwenye mkeka ampishe mwenzake.

Hapo zamani, zamani sana, palikuwa na mbuga iliyokumbwa na ukame. Mto ukakauka. Majani yakakauka. Wanyama wakubwa wakaamua kwenda ng'ambo ya milima, kwenye maji. Watoto wakaachwa kwa Shangazi Nyumbu, watafune mizizi na kulamba umande.

Miongoni mwao alikuwa Kimilia, mtoto wa Punda Milia. Mama yake alimwambia, "Nitazame vizuri, mwanangu. Hapa begani mstari mmoja umekatika. Hata tukija wengi, utanijua kwa huu. Maji yakirudi, nami nitarudi."

Kisha akaenda. Akageuka. Akaenda. Akageuka tena. Halafu vumbi likamficha.

Nani huyo anauliza mbona hakumfuata? Umeuliza vizuri, Zaituni. Miguu yake ilikuwa bado myembamba kama chelewa za ufagio. Asingefika.

Kila kulipokucha Kimilia alisimama akitazama milima, akaimba:

*Mama, mama wa milia,*
*jua laja, jua latua,*
*nani atanionyesha njia,*
*nami miguu haijakua?*

Shangazi Nyumbu alimsikia, akamlambalamba masikio. Hakumwambia anyamaze. Mwenye huruma hamkatizi anayelilia mama yake.

Sasa, katikati ya mbuga ile palikuwa na lundo kubwa la mawe. Kila mnyama aliyepita aliokota jiwe, akaliweka juu, akaenda zake. Ndiyo ilikuwa desturi.

Kimilia akauliza, "Shangazi, kwa nini tunaweka mawe hapa?"

"Weka upite, mwanangu. Mimi niliikuta desturi hii, nami nitaiacha kama nilivyoikuta."

Akaenda kwa Mzee Nyati, aliyebaki kwa sababu ya goti bovu. "Shikamoo, babu. Kwa nini tunaweka mawe hapa?"

"Marahaba. Baba yangu aliweka. Babu yangu aliweka. Wewe uliyezaliwa juzi, hata kufukuza nzi kwa mkia hujajua, unauliza!"

Watoto wenzake wakacheka. "Kimilia maswali! Kimilia maswali!"

Kimilia akaenda kukaa kando ya lundo peke yake. Mara udongo ukafumuka, akatokea Fuko, yule mdogo anayechimba chini ya ardhi. Kimilia akamtazama. Akamtazama tena.

"Shikamoo, bibi. Mbona miguu yako ina tope, na nchi yote ni vumbi?"

Fuko akasimama. "Marahaba, mjukuu wangu. Wengi wamepita hapa, wakaniona na tope langu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Basi nakuuliza mimi."

"Chini ya mawe haya kuna chemchemi. Bibi yangu aliniambia. Zamani ndama alitumbukia humo, akafa. Mama yake alilia mpaka mbuga yote ikalia naye. Mto ulikuwa umejaa, maji yalikuwa tele, basi wanyama wakasema, 'Tuifunike mpaka watoto wetu wakue.' Wakaweka mawe kwa upendo. Watoto wakakua. Lakini hakuna aliyewaambia sababu, nao wakaendelea kuweka."

Kimilia akakimbia, miguu ikigongana. "Babu Nyati! Ukiondoa jiwe moja, kutatokea nini?"

Nyati akaligeukia lundo. "Kwa kweli," akasema polepole, "sijui."

"Si tuangalie?"

Mzee Nyati akajikongoja kwa goti lake bovu, akasukuma jiwe kwa pembe. Akasukuma la pili. Shangazi Nyumbu akaja, na watoto waliokuwa wakicheka wakaja. Wakaondoa mawe mpaka ukatoka upepo wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa. Kisha maji. Kidogo, halafu mengi.

Korongo, ndege wa miguu mirefu, akanywa, akaruka kuelekea milimani kupeleka habari.

Watoto wote wakanywa, lakini kiu ya Kimilia haikuisha. Akarudi mahali pake, akaimba wimbo wake. Jua likaja, jua likatua. Jua likaja, jua likatua.

Hata siku moja vumbi likatokea milimani. Punda milia wakaja, wengi, wengi! Kimilia akatazama bega hili, silo. Bega lile, silo. Na hili, silo. Ndipo nyuma ya wote akaja mmoja aliyekonda, anayechechemea, na begani mstari umekatika.

"Mama!"

Mama alikuwa na kiu ya njia nzima, lakini hakwenda kwanza kwenye maji. Alimnusa mwanawe, kichwa mpaka kwato. "Nani aliyewaonyesha chemchemi hii?"

"Niliuliza, mama," akasema Kimilia.

Tangu siku hiyo mawe yale yakapangwa kuizunguka chemchemi, ili mtoto asitumbukie. Na kila mtoto aliyeyaona aliambiwa sababu yake.

Basi wanangu, desturi nyingi ziliwekwa na watu waliotupenda, lakini upendo usioelezwa sababu unaweza kufunika maji. Ulizeni. Nasi wakubwa, tukiulizwa tusikemee. Tusipojua, tuseme hatujui, twende tukaangalie pamoja.

Hadithi yangu imefika kisimani, imekunywa, imelala. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mimi.