Zawena Alivyomkana Kibibi

Paukwa!
Pakawa!
Niseme nisiseme?
Sema, tumeshakaa kitako.

Hapo zamani za kale, katika msitu wa milimani, waliishi ndege wawili wadogo wa ukoo wa chozi, wale wanaofyonza maua. Mama zao walikuwa ndugu. Mdomo mmoja, mkia mmoja, sauti moja. Ila Zawena alikuwa na utepe mwekundu kifuani, unang'aa, na Kibibi alikuwa kijani kitupu.

Siku moja Hondohondo, mkubwa wa msitu, akafanya karamu. Zawena akawaacha makinda wake wawili kiotani, akaenda, akakaa mbele kabisa.

Mvua ikanyesha. Upepo ukang'oa paa la kiota cha Zawena. Kibibi, jirani yake, alikuwa akilalia mayai. Akaona. Akaruka mbio hadi karamuni, amelowa chapachapa, manyoya yamemganda.

"Dada Zawena," akaita. Zawena akatazama mbele.

"Dada Zawena." Zawena akampa mgongo.

"Dada Zawena, ni mimi."

Hondohondo akageuka. "Mbona mnafanana? Huyu ni nduguyo?"

Zawena akaona wageni wote wanamtazama. Akasema, "Simjui, mzee. Labda ana njaa."

Wageni wakacheka. Kibibi akainamisha kichwa. Akaona akibaki kubishana makinda watakufa, akaondoka.

Jioni Zawena akarudi. Akamkuta Kibibi ametandaza mabawa juu ya kiota, na chini yake makinda wawili, wazima.

"Mdogo wangu, kumbe hili ndilo lililokuleta?"

"Wamelala," Kibibi akasema. "Niache nikatazame mayai yangu."

Mayai yalikuwa baridi. Hayakuanguliwa.

Zawena alitaka kulia, akaona aibu hata kulia. Kulipokucha akaenda kwa Hondohondo, mbele ya wale wale waliocheka, akasema, "Jana nilidanganya. Yule ni ndugu yangu, damu moja." Hakuna aliyecheka.

Kisha akaenda kwa Kibibi. "Nisamehe." Kibibi akageuza uso.

Siku ya pili, "Nisamehe." Akageuza uso.

Siku ya tatu, "Nisamehe." Kibibi akasogea kidogo kwenye tawi, akampisha akae. Zawena akakaa, wala hakuthubutu kuuliza kama amesamehewa.

Basi, wanangu, msimkane ndugu kwa sababu watu wanawatazama. Watu wataondoka, aibu utabaki nayo wewe.

Ngano yangu imekomea hapa, aliyeisikia ampelekee asiyekuwapo. Na wewe unayetazama chini, sikukutaja jina.