Perege wa Uani

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana hata babu yangu hakuuhesabu, wanyama walikubaliana kuuziba mto ili wapate bwawa. Wakafanya msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja. Tembo akasukuma magogo, Ngiri akachimba udongo, nguchiro wadogo wakabeba vijiwe viwili viwili. Na Chui je? Chui alisimama kivulini akisimamia. Alisema kusimamia nako kunachosha.

Maji yakajaa, bwawa likawa pana hata ng'ambo haionekani. Likafunika bonde zima. Katika bonde hilo ilikuwamo nyumba ya mama yake Bi Nguchiro, pamoja na ua wa mchanga mweupe ambao kizee yule aliufagia kila asubuhi ya maisha yake.

Wakahamia mlimani, kwenye mawe matupu. Kizee hakulalamika. Ila kila masika yalipofika na maji kupata joto, chakula kilimshinda.

"Mama, kunywa uji."

"Sitaki uji, mwanangu. Nina hamu ya perege wa uani kwangu."

Maana, wanangu, wakati wa masika ndipo perege hutoka kilindini wakaja kuzaa kwenye kina kifupi. Dume huchagua mchanga mzuri, akaufagia kwa mkia mpaka ukawa duara safi, kisha akakaa hapo kulinda mayai. Na mchanga mzuri kuliko wote katika bwawa lile ulikuwa wapi? Palepale, uani kwa kizee, naye masika ya kwanza alikuwa amewaonja.

Lakini pale pakawa na mwenyewe. Chui alizungushia matete, akatangaza: "Hapa pangu! Atakayetia ndoana hapa, mimi nitamtia mdomoni!" Wadogo wakabaki kuvua kilindini, kwenye maji ya baridi, na kurudi na kapu tupu.

Mwaka huo kizee alidhoofu sana. Akamshika bintiye mkono.

"Masika haya nahisi ndiyo yangu ya mwisho. Mmoja tu, mwanangu. Mmoja tu nionje."

Maneno hayo yalimkata Bi Nguchiro maini. Mvua zilikuwa zimebaki siku chache, na zikikatika, perege hurudi zao kilindini. Kulipokucha akachukua ufito wake, mshipi, ndoana na kapu, akateremka.

Akamkuta Chui ndani ya mtumbwi, amenuna, masharubu yamelala.

"Hodi, Bwana Mkubwa!"

"Hodi ya nini? Potea!"

"Napita tu, Bwana Mkubwa. Umepata wangapi?"

"Wangapi? Leo siku ya sita sijapata hata mmoja! Nawaona kwa macho yangu, wako hapo chini, wanene! Nawashushia maini, hawali. Nawashushia minyoo, hawali. Nimerogwa mimi!"

Bi Nguchiro akachungulia majini. Lo! Mafiga ya mama yake yalikuwa bado yamesimama, yote matatu. Pembeni mwake dume kubwa la perege lilikuwa likizunguka duara lake, likizunguka tu. Hapo ndipo Bi Nguchiro alipojifunzia kutembea. Akatamani kwao.

Mara jani lililolowa likazama, likatua katikati ya duara. Chwap! Perege akaling'ata, akalitoa nje ya duara, akalitema. Ptu! Kisha akarudi kwenye zamu yake.

Ahaa! Bi Nguchiro akaelewa. Samaki huyu hali, anafukuza! Lakini mdomo wake aliufunga kama kopo la chumvi.

"Hukurogwa, Bwana Mkubwa. Wanakuogopa. Nani atathubutu kula mbele ya mwenye madoa yake?"

Masharubu ya Chui yakainuka. "Hilo hata mimi nililiwaza."

"Sasa wewe ukikaa kule katikati, kilindini, na mimi nikawafukuza huku, si watakuja kwako wote? Utawazoa kwa mikono."

Chui akamkazia macho. "Na wewe utapata nini, kinguchiro?"

"Mimi? Niachie vichwa tu."

"Vichwa viwili!"

"Hata hivyo viwili ni vingi, Bwana Mkubwa."

Chui akapiga kafi, chubwi, chubwi, chubwi, akaenda mpaka mtumbwi ukaonekana kama ganda la karanga.

Bi Nguchiro akachana ncha ya kanga yake, akaifunga kwenye ndoana, akaishusha taratibu karibu na mafiga. Tambara likagusa mchanga. Chwap! Akavuta. Puu! Perege huyo majanini. Akashusha tena kwenye duara la pili. Chwap! Puu!

"Wanakuja?" Chui akapiga ukelele kutoka mbali.

"Wanakuja, Bwana Mkubwa! Tulia! Usitikisike! Hata kukohoa usikohoe!"

Basi Chui akatulia juani. Nzi akamtua puani, akamwacha. Mgongo ukamwasha, akauacha uwashe. Mkubwa mzima!

Alasiri akarudi, ulimi nje. Bi Nguchiro alikuwa amekwisha kulifunika kapu kwa majani, amejitwika.

"Hata mmoja! Sikuona hata mmoja!"

"Ala! Na nimewafukuza mpaka sauti imenikauka! Hebu..." Akanusa hewani. "Bwana Mkubwa, unisamehe. Mtumbwi wako unanuka chui."

Chui akanusa, akanywea. Siku zote zilizobaki za masika alizimaliza akisugua mtumbwi kwa majivu. Ukimwambia harufu ile ni yake mwenyewe, hakusikii.

Bi Nguchiro akapanda mlima mbio. Akachoma perege mkubwa kuliko wote, akamwekea mama yake mkononi. Kizee akaonja, akafumba macho.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu." Akala polepole, kama anayeogopa kumaliza. Kisha akauliza, "Umempata kwa chambo gani?"

"Hakula chambo, mama. Nilishusha tambara uani kwako, akaling'ata alifukuze. Alikuwa akilinda pake."

Kizee akamtazama samaki aliyebaki nusu.

"Basi huyu alikuwa na moyo kunishinda," akasema. "Mimi maji yalipoingia ua uleule, nilifunga virago."

Akamla mpaka mwiba wa mwisho, machozi yakimtiririka.

Yameishia hapo, wanangu, nanyi mshike hili: werevu humrudishia mtu kitoweo cha kwao, lakini kwao kwenyewe haumrudishii.